Mikisa ya Dijitali au Programu ya Kurekodi: Ni Ipi Itakayokurejeshea Mchanganyo Wako?



Kwaya nyingi, bendi na studio ndogo nchini hununua vifaa vya sauti kwa fedha iliyokusanywa kidogo kidogo: michango ya waumini, malipo ya kupiga muziki harusini, mkopo wa kikundi. Fedha ya namna hiyo haikusanywi mara mbili kwa urahisi. Ndiyo maana swali linaloulizwa dukani lina uzito: je, tununue mikisa ya dijitali, au tununue kompyuta, kadi ya sauti na programu ya kurekodi? Muuzaji akiulizwa kama kifaa chake kinahifadhi mipangilio, atajibu ndiyo kwa vyote viwili, wala hatakuwa amesema uongo. Vyote viwili huhifadhi. Taabu huanza siku ya kurejesha, mnunuzi anapogundua kwamba kilichohifadhiwa si kila kitu alichokuwa amekipanga.

Somo hili halifundishi namna ya kuchanganya sauti, na chapa zinazotajwa humu zimetajwa kwa ajili ya kueleza jambo tu, si kwa kuzipigia debe. Linakusudia kukupa swali moja la kwenda nalo dukani: ni kitu gani ambacho kifaa hiki hakikumbuki?

Kurejesha ni nini hasa

Chukua mfano wa kwaya yenye maikrofoni na ala zinazojaza chaneli 16. Kila chaneli ina kiwango cha kuingizia sauti, ambacho mafundi wetu hukiita geni. Ina kichujio cha kuondoa mngurumo. Ina ikwalaiza yenye kanda nne, na kila kanda ina mambo matatu ya kupangwa. Ina kompresa yenye mambo matano hivi, kiasi cha mwangwi, kiasi cha sauti kinachopelekwa kwenye kila spika ya jukwaani, na kitelezi cha kupandishia na kushushia sauti. Kwa jukwaa lenye spika nne, hesabu hiyo hufika mipangilio 25 kwa chaneli moja, yaani 400 kwa chaneli zote. Hakuna fundi awezaye kukumbuka mambo 400 kwa kichwa tangu Jumapili hata Jumapili.

Zamani mafundi walibandika utepe wa karatasi chini ya vitelezi na kuandika kwa penseli. Siku hizi mwenye mikisa ya kawaida huipiga picha kwa simu kabla ya kuizima. Njia hiyo haistahili kudharauliwa: haina gharama, na kwa mikisa ndogo yenye chaneli sita au nane inatosha kabisa. Kama kazi yako ni ya ukubwa huo, yamkini huhitaji kununua chochote kati ya vitu vinavyojadiliwa hapa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Uingereza iitwayo Solid State Logic iliweka kwenye meza zake kubwa za studio mfumo wa kompyuta uliosoma mahali kila kinobu kilipokuwa kimezungushiwa. Mfumo ule haukukizungusha kinobu chenyewe. Ulionyesha tu kwenye skrini pale kilipokuwa, na fundi akakirudisha kwa mkono, kimoja baada ya kingine, katika meza yenye mamia ya vinobu. Ilikuwa kazi ya saa, si ya dakika. Mwaka 1995 Yamaha walitoa mikisa ya dijitali iitwayo 02R, ambayo vitelezi vyake vina mota na hujisogeza vyenyewe. Kwa kubonyeza kitufe kimoja, karibu mchanganyo wote ulirudi. Neno "karibu" lisikupite. Vinobu vya geni vya mikisa ile vilibaki kuwa vya kuzungushwa kwa mkono, na mashine haikujua vimezungushiwa wapi.

Kasoro hiyo ya mwaka 1995 ingali inauzwa leo.

Mikisa ya dijitali na mtego wa geni

Mikisa ya dijitali huhifadhi mipangilio yake katika kile kinachoitwa sini, yaani picha ya mashine nzima kwa dakika moja. Sini moja inaweza kuwa ya kwaya kuu, ya pili ya vijana, ya tatu ya mahubiri peke yake. Zipo mikisa za bei ya kati zinazobeba sini 100, na nyingine hubeba zaidi. Kurejesha sini huchukua sekunde chache, na hapa ndipo mikisa inapoishinda kompyuta waziwazi: mashine ikiwashwa iko tayari, haina programu nyingine zinazogombania uwezo wake, na mtu asiye fundi anaweza kufundishwa kuita sini namba tatu.

Lakini geni ni jambo la kwanza katika safari ya sauti, na yote yanayofuata hutegemea hilo. Kompresa iliyopangwa kuanza kufanya kazi sauti ikifikia kiwango fulani haitafanya kazi hiyo ikiwa sauti inaingia ndogo kuliko siku ile. Kwa hiyo mikisa isiyokumbuka geni hurudisha mipangilio yote kwa usahihi, kisha hutoa mchanganyo tofauti. Mnunuzi hudhani mashine imeharibika.

Namna ya kutambua ni rahisi, na haihitaji fundi. Tazama kinobu cha geni. Kama kila chaneli ina kinobu chake chenye alama ya mstari na kinachogota mwisho pande zote mbili, aghalabu geni hiyo ni ya mkono na haitahifadhiwa. Kama kinobu huzunguka bila mwisho, na kiwango huonekana kwa taa au kwa tarakimu kwenye skrini, yamkini mashine inakijua na itakirejesha. Mfano unaofahamika ni PreSonus StudioLive za kizazi cha kwanza, zilizotoka mwaka 2009. Ni mikisa za dijitali, zinahifadhi ikwalaiza na kompresa na mengineyo, lakini geni zake ni za mkono na vitelezi vyake havina mota. Mtengenezaji hakuficha jambo hilo. Mashine huonyesha kwa taa mahali kitelezi kilipokuwa ili mtumiaji akisogeze mwenyewe. Anayezinunua akijua hivyo hajadhulumiwa. Anayezinunua zikiwa zimetumika, kwa maneno ya "hii inarudisha kila kitu", amedhulumiwa.

Vitelezi navyo viulizwe. Visivyo na mota hubaki pale ulipoviacha ilhali mashine imekwisha kubadilika ndani. Macho yanaona jambo moja, masikio yanasikia jingine, na mguso wa kwanza wa kitelezi huweza kurusha sauti ghafla katikati ya ibada.

Yapo mambo ambayo hakuna mikisa iwezayo kuyakumbuka, hata iwe ya bei gani. Haijui kwamba maikrofoni ya mwimbaji wa kwanza imebadilishwa. Haijui kwamba gitaa la besi limechomekwa tundu la tatu badala ya la nne. Haijui kwamba spika zimesogezwa, au kwamba ukumbi uliokuwa mtupu wakati wa mazoezi sasa umejaa watu. Sini iliyopangwa kwa ukumbi mmoja ikiitwa katika ukumbi mwingine hupiga mluzi mara nyingi, na hilo si kosa la mashine. Hali kadhalika, sini huweza kurejesha umeme wa volti 48 unaopelekwa kwenye maikrofoni za aina fulani. Ukiwashwa huku spika zikiwa wazi, hutoka mlio mkali. Fundi mwangalifu huziba sauti kwanza, ndipo akaita sini. Mikisa nyingi zina njia ya kuzilinda chaneli kadhaa zisibadilike sini inapoitwa. Mwombe muuzaji akuonyeshe njia hiyo; akishindwa, mtafute mwingine anayeijua bidhaa anayoiuza.

Kwa wanaonunua mikisa iliyotumika, na wako wengi, kuna jambo dogo lenye gharama kubwa. Baadhi ya mikisa za miaka ya 1990 na zilizofuata hutunza kumbukumbu kwa betri ndogo iliyo ndani ya mashine. Betri ikifa, sini zote hufutika umeme unapozimwa. Mashine itafanya kazi vizuri dukani kwa sababu imewashwa tangu asubuhi. Iombe izimwe, ichomolewe ukutani, iachwe muda wa kutosha, kisha iwashwe tena mbele yako.

Na ikumbukwe kwamba sini ya chapa moja haifunguki katika mashine ya chapa nyingine. Mara nyingine hata mashine mbili za aina moja hazielewani kama programu zao za ndani ni za matoleo tofauti. Ukiweka nakala kwenye flashi umefanya vema, lakini mashine ikiibiwa au ikiungua, flashi hiyo itakusubiri mpaka upate nyingine ya jamaa ile ile.

Programu ya kurekodi: inakumbuka mengi, inategemea mengi

Katika kompyuta mambo ni kinyume. Hapa karibu kila kinobu ni picha kwenye skrini, kwa hiyo kila kinobu huandikwa katika faili la kazi. Hata mabadiliko yanayotokea ndani ya wimbo, kwa mfano sauti ya mwimbaji kupandishwa katika kiitikio na kushushwa katika ubeti, huhifadhiwa mahali pake. Unafunga wimbo wa leo, unafungua wa mwezi uliopita, unafanya marekebisho madogo aliyoyaomba mteja, unarudi kwenye wa leo. Kwa studio inayohudumia wasanii kumi kwa wakati mmoja, jambo hili halina mbadala. Mikisa haiwezi kulifanya kwa wepesi huo.

Lakini faili la kazi lenyewe ni dogo, tena halina sauti ndani yake. Ni kama daftari la maelekezo: chukua rekodi ile, ipitishe kwenye plagini hii, iweke kiwango kile. Rekodi zinakaa mahali pengine kwenye diski, na plagini zinakaa kwingine kabisa. Kimoja kikikosekana, daftari halina la kusema.

Kwanza, rekodi. Sauti ya chaneli moja iliyorekodiwa kwa biti 24 na kilohezi 48 hula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Chaneli 16 kwa saa moja ni zaidi ya gigabaiti 8. Kwa ukubwa huo, watu hujaribiwa kufuta, au kunakili faili dogo la kazi peke yake kwenye flashi wakidhani wamebeba wimbo. Siku ya kufungua katika kompyuta nyingine, programu huuliza faili za sauti ziko wapi, na hakuna wa kuijibu. Programu nyingi zina amri ya kukusanya faili zote katika folda moja. Itumie kabla ya kunakili chochote.

Pili, plagini. Plagini ni programu ndogo inayofanya kazi ya ikwalaiza, kompresa, mwangwi au hata kinanda, na nyingi hutengenezwa na kampuni nyingine, si ile iliyotengeneza programu ya kurekodi. Faili la kazi hukumbuka kwamba plagini fulani ilitumika na ilipangwaje, lakini plagini yenyewe haimo. Ukifungua wimbo katika kompyuta isiyo nayo, pale palipokuwa na mwangwi panabaki kimya, na pale palipokuwa na kinanda hapana kinanda.

Hata kompyuta ile ile yaweza kuibadilikia kazi yako. Mwaka 2019 kampuni ya Apple ilitoa toleo la mfumo wake lililoitwa Catalina, na kuanzia hapo programu za zamani za biti 32 hazikufunguka tena katika kompyuta zilizopandishwa toleo. Mwenye wimbo uliotegemea plagini ya namna hiyo, akakubali kupandisha toleo kwa kubonyeza kitufe kimoja tu, aliupoteza mchanganyo ilhali faili zote zipo. Kwa hiyo, kompyuta ya kazi haipandishwi toleo katikati ya kazi. Mikisa ya umri huo huo, isipoguswa, huendelea kufanya vile vile ilivyofanya siku ya kwanza.

Tatu, leseni. Toleo la majaribio la FL Studio, programu inayotumiwa na watayarishaji wengi wa muziki katika Afrika Mashariki, hukuruhusu kuhifadhi kazi yako lakini halikuruhusu kuifungua tena kwa kuiendeleza mpaka uinunue. Hilo limetangazwa na mtengenezaji mwenyewe, wala si hila. Lakini mnunuzi asiyejua hushtuka kesho yake asubuhi. Programu ya REAPER hutolewa kwa majaribio ya siku 60 bila kupunguzwa uwezo, nayo hufungua kazi yako kama kawaida. Plagini nyingine hukodishwa kwa mwezi: ukiacha kulipa, zinaacha kufanya kazi, na michanganyo yote ya zamani iliyozitumia inapungukiwa. Kodi ya mwezi huonekana nafuu mpaka uhesabu kwamba unailipia hata kazi ya mwaka juzi.

Kuhusu programu zilizovunjwa kufuli, zile zinazogawiwa kwenye flashi au zinazokuja "bure" na kompyuta iliyotumika, tuseme wazi. Mbali na kuvunja sheria ya hakimiliki na kuleta virusi, ni adui mkubwa wa kurejesha. Hazina uhakika wa kufunguka baada ya mabadiliko yoyote, haziwezi kuwekwa tena kwa njia ya halali kompyuta ikiharibika, na hakuna wa kumlalamikia. Muuzaji anayekuambia "nimekuwekea plagini zote" amekuuzia kitu ambacho huwezi kukidai.

Na geni? Kadi nyingi za sauti za bei nafuu zina vinobu vya geni vya mkono, sawa na mikisa tulizozitaja. Kwa sauti iliyokwisha rekodiwa hilo halina madhara, maana geni imekwisha gandishwa ndani ya rekodi. Kwa mwimbaji anayerudi baada ya wiki mbili kurekodi ubeti uliobaki, lina madhara: ubeti mpya hautafanana na wa kwanza. Piga picha ya kadi yako ya sauti, na uandike aina ya maikrofoni na umbali wake na mdomo wa mwimbaji. Penseli haijastaafu.

Mikisa yenye waya wa kompyuta

Mikisa nyingi za dijitali zinazouzwa sasa zina tundu la USB la kupeleka chaneli zote kwenye kompyuta, na hapa ndipo tunapoona malalamiko yasiyo ya lazima. Mnunuzi husikia kwamba mashine "inarekodi kwenye kompyuta", akadhani mchanganyo aliousikia ukumbini ndio utakaokuwa ndani ya programu. Kwa kawaida sivyo. Sauti inayopelekwa kwenye kompyuta, kila chaneli peke yake, huchukuliwa mara tu baada ya geni, kabla ya ikwalaiza na kompresa za mikisa. Ukifungua programu nyumbani utakuta sauti mbichi. Mchanganyo wa mikisa umebaki kwenye mikisa, na mchanganyo wa programu utauanza upya.

Baadhi ya mikisa huruhusu kubadilisha mahali sauti inapochukuliwa, lakini kabla hujafurahia hilo fikiri mara mbili. Kilichorekodiwa kikiwa kimekwisha bonyezwa na kompresa hakirudi kuwa kibichi.

Faida iliyo kubwa zaidi ni ile inayoenda upande wa pili. Rekodi ya chaneli zote za Jumapili iliyopita inaweza kurudishwa kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye chaneli zile zile za mikisa, kana kwamba kwaya imesimama jukwaani. Fundi anakaa Jumanne peke yake, anarekebisha, anahifadhi sini. Kwa kikundi ambacho waimbaji wake wana kazi zao na hawawezi kuitwa kila siku, hili lina thamani kuliko sini 100 zisizotumika.

Basi ununue ipi

Anayechanganya sauti mbele ya watu, kila juma, kwa vikundi vinavyobadilishana jukwaa, anunue mikisa yenye geni zinazokumbukwa na vitelezi vyenye mota. Fedha isipotosha, apunguze idadi ya chaneli, asipunguze kumbukumbu ya geni. Kompyuta jukwaani, pamoja na umeme wetu unaokatika, ni mzigo wa wasiwasi.

Anayetengeneza nyimbo za kukabidhi kwa wateja, na ambaye mteja aweza kurudi baada ya miezi sita, anunue programu halali na kadi ya sauti nzuri, na fedha inayobaki inunue diski mbili za nje. Mbili, kwa kuwa moja itaharibika. Mikisa kubwa katika studio ya namna hiyo hupendeza wageni zaidi kuliko inavyofanya kazi.

Kwaya inayofanya yote mawili, yaani kuimba kila Jumapili na kutoa albamu kila baada ya miaka miwili, tunaishauri ianze na mikisa yenye USB, kisha iikabidhi rekodi yake kwa studio kwa ajili ya mchanganyo wa albamu. Kununua vyote viwili mwaka mmoja ndiko kunakoleta vifaa nusu: mikisa ya geni za mkono na kompyuta ya programu za wizi.

Yafanye haya dukani kabla ya kulipa

Nenda na maikrofoni yako mwenyewe na mtu wa kuimba. Kwa mikisa: panga chaneli tatu kwa tofauti kubwa, moja geni juu, moja chini, moja ikiwa imezibwa kabisa. Hifadhi. Piga picha. Sasa haribu kila kitu kwa makusudi: zungusha vinobu, sogeza vitelezi vyote, badilisha ikwalaiza. Zima, chomoa, subiri, washa, kisha ita sini uliyoihifadhi na ulinganishe na picha. Mwimbaji aimbe tena. Chochote ambacho hakikurudi, ndicho mashine isichokikumbuka, na muuzaji amekiona pamoja nawe.

Fanya jaribio la pili: badilisha jambo moja bila kuhifadhi, chomoa umeme ghafla, uone mashine inarudi na hali ipi. Umeme ukikatika katikati ya harusi, hiyo ndiyo hali utakayoikuta.

Kwa kompyuta na programu: fungua kazi mpya, rekodi mstari mmoja, weka plagini mbili, hifadhi, kusanya faili kwenye flashi. Funga programu, izime kompyuta, iwashe, ifungue kazi ile. Kisha, kama duka lina kompyuta nyingine yenye programu hiyo, ifungue huko pia kutoka kwenye flashi. Omba uonyeshwe ukurasa wa leseni, na jina lililoandikwa pale. Likiwa ni jina la mtu usiyemjua, programu hiyo si yako.

Mwambie muuzaji kazi unayoikusudia, tena kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: "Tunataka mashine itakayorejesha mipangilio yote ya chaneli 16 pamoja na geni." Usiombe kwa jina la chapa peke yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtazama kwa namna ya pekee mnunuzi aliyemjulisha muuzaji kusudi lake na kutegemea ujuzi wake, nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Maneno yaliyosemwa kwa mdomo juu ya kaunta ni vigumu kuyathibitisha. Dai risiti ya EFD yenye aina kamili na namba ya mashine, si risiti iliyoandikwa "mikisa 1".

Kwa anayekodi studio badala ya kununua vifaa

Msanii anayelipia studio naye ananunua kurejesha, ingawa halioni dukani. Kubalianeni kabla ya kurekodi, kwa maandishi, mambo haya: studio itatunza faili kwa muda gani, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na utakabidhiwa nini mwishoni. Wimbo uliokamilika peke yake hautoshi. Dai pia toleo lisilo na sauti ya mwimbaji, na kila traki ikiwa imetolewa kama faili la WAV pamoja na plagini zake, zote zikianzia sekunde ile ile ya mwanzo wa wimbo. Faili hizo hazihitaji plagini wala leseni; programu yoyote ya kurekodi itazifungua na zitapangana zenyewe. Havitakuwa vinobu vya mchanganyo wako, lakini sauti itakuwa ile ile, na studio ikifunga milango au kompyuta yake ikiibiwa, wimbo utakuwa mkononi mwako.

Njoo na diski yako siku ya kukabidhiwa. Kabla hujatoka, fungueni faili mbili tatu kutoka kwenye diski hiyo, si kutoka kwenye kompyuta ya studio, na uzisikilize mpaka mwisho. Likitokea lolote baadaye na ukahitaji kuleta lalamiko, leta risiti, makubaliano yale, na diski yenyewe kama ilivyo, bila kuongeza wala kufuta kitu ndani yake.